Chanda Chema na Pete: Nishani, Hisani na Kumbukumbu ya Huduma katika Hospitali ya Ifakara

Utangulizi

Waswahili husema kuwa chanda chema huvikwa pete. Methali hii husikika kila mara mtu anapopewa nishani, cheti au zawadi kwa kazi aliyoifanya, na maana yake haina utata: mtenda mema anastahili kupambwa mbele ya watu. Ipo methali nyingine ambayo haisemwi sana katika hafla za namna hiyo, ingawa nayo inahusu kidole: kidole kimoja hakivunji chawa. Methali ya kwanza inakitazama kidole kilichovikwa pete. Ya pili inautazama mkono mzima.

Mhadhara huu unaziweka methali hizo mbili ubavuni mwa historia ya hospitali moja ya hisani, yaani Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara katika Bonde la Kilombero, pamoja na taasisi zilizochipuka kandokando yake hadi Mlabani. Swali linaloongoza mjadala ni hili: heshima inapotolewa kwa ajili ya huduma ya hospitali, humkumbuka nani na humwacha nani? Hoja inayotetewa ni kwamba nishani ni ushahidi mzuri wa uhusiano uliopo baina ya mtoa heshima na mpokea heshima, lakini si ushahidi wa kutosha wa huduma yenyewe. Mwanahistoria anayeridhika na nishani huishia kuandika historia ya watoaji. Anayetaka historia ya huduma analazimika kwenda mbele zaidi, na katika safari hiyo msamiati wa Kiswahili wenyewe unaweza kumwongoza.

Nishani, medali na tuzo

Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana katika uwanja huu, na kila moja limebeba historia yake. Neno nishani lina asili ya Kiajemi, ambamo maana yake ya msingi ni alama au ishara. Lilisafiri pamoja na desturi za utawala kupitia lugha za Mashariki ya Kati na za Bahari ya Hindi, na katika Kiswahili limeendelea kushikamana na dola. Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alianzisha nishani ya nyota ambayo yeye na waliomfuata waliwatunuku viongozi, maofisa na wageni mashuhuri. Aliyeivaa kifuani alitambulika kuwa karibu na kiti cha enzi. Nishani, kwa maana hiyo, huteremka: hutoka kwa mwenye mamlaka na kumfikia aliye chini yake.

Neno medali ni la mkopo kutoka lugha za Ulaya, na liliingia baadaye. Leo linasikika zaidi katika michezo, na linaelekeza fikra kwenye kitu chenyewe, yaani kipande cha madini kilichogongwa chapa. Neno la tatu, tuzo, linahusiana na kitenzi tuza. Katika ngoma, harusi na taarabu, kumtuza mwimbaji au mchezaji ni kumwendea pale alipo na kumpa fedha au zawadi hadharani. Hapa mtoaji hana cheo. Ni mmoja wa waliofurahishwa na kazi iliyofanywa, naye hutoa kwa sababu amefaidi. Matumizi ya neno hili yamepanuka sana, hata linatumika kwa zawadi kubwa za kimataifa, lakini asili yake inabainisha jambo lenye uzito kwa mjadala huu. Nishani inauliza mkubwa anasema nini juu ya mtu fulani. Tuzo, katika maana yake ya awali, inauliza waliohudumiwa wanasema nini.

Sambamba na maneno hayo kuna neno hisani. Asili yake ni Kiarabu, na katika mapokeo ya Kiislamu dhana ya ihsani inahusu kutenda wema kwa ukamilifu, bila kungoja malipo. Mhisani ni mtenda wema huo. Hata hivyo, katika Tanzania ya kipindi cha mageuzi ya kiuchumi, wahisani wakawa pia nchi na mashirika yaliyochangia bajeti ya serikali. Neno lililomhusu mtu na moyo wake likapewa kazi ya kutaja akaunti, masharti na mikutano. Mabadiliko hayo ya maana si jambo dogo. Yanaonyesha kwamba hisani ikikua na kuwa mfumo, swali la nani anamshukuru nani huwa gumu zaidi.

Hatimaye kuna neno hospitali lenyewe. Mzizi wake ni neno la Kilatini, hospes, lililomaanisha mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja. Kabla ya kuwa nyumba ya tiba, hospitali huko Ulaya ilikuwa nyumba ya kumpokea msafiri, maskini na mgonjwa. Mswahili hana haja ya kuelezwa kwa kirefu uhusiano wa ugeni na uponyaji, kwa kuwa methali yake imekwisha kuusema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii itarejewa mwishoni.

Jubilei mbili na sarufi ya nishani

Ili kuona nishani inasema nini na inanyamaza wapi, inafaa kuanza na matukio mawili ya miaka inayofuatana.

Mwaka 1887 Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka 50 ya utawala. Huko Uingereza ziligongwa medali za jubilei zenye sura yake. Huko Zanzibar, mfanyabiashara Tharia Topan, Khoja Mismaili mwenye asili ya Kutch aliyepata kusimamia ushuru wa forodha wa Sultani, aliweka jiwe la msingi la hospitali ya kuadhimisha jubilei hiyo hiyo, kwenye ufuko wa Mji Mkongwe. Mwaka 1890 alipewa hadhi ya Sir, na mwaka 1891 akafariki kabla jengo halijakamilika. Mjane wake aliiendeleza kazi. Baadaye jengo lilinunuliwa kwa fedha za wakfu wa Haji Nasser Nurmohamed, na sehemu yake ikawa zahanati ya hisani. Hadi leo, ingawa matumizi yake yamebadilika na lilikarabatiwa katika miaka ya 1990, wenyeji na wageni hulijua kama Dispensari ya Zamani. Jina lililodumu vinywani ni la kazi iliyofanyika humo, wala si la jubilei iliyosababisha jiwe la msingi liwekwe.

Mwaka 1888 Papa Leo XIII aliadhimisha miaka 50 ya upadre. Kwa ajili hiyo alianzisha nishani iitwayo Pro Ecclesia et Pontifice, maana yake kwa ajili ya Kanisa na Papa. Mwanzoni ilikuwa ya kumbukumbu tu, ya kuwashukuru waliosaidia kuifanikisha jubilei. Baadaye ikawa nishani ya kudumu ya Kanisa Katoliki kwa walei na watawa waliotumikia kwa uaminifu wa muda mrefu. Pamoja na nishani ya Benemerenti, ambayo jina lake lamaanisha kwa anayestahili, imekuwa miongoni mwa njia rasmi za Kanisa kuwatambua watumishi wa aina nyingi, wakiwamo wa tiba.

Medali na nishani hizi zina sarufi moja. Katika sura yake ya kwanza, ile ya mwaka 1888 ilibeba sura ya Papa. Ile ya mwaka 1887 ilibeba sura ya Malkia. Uso ulio kwenye madini ni wa mtoaji. Maandishi yake ni ya jumla, yawezayo kumfaa muuguzi wa Afrika na karani wa Roma bila kubadilishwa herufi. Mahali huduma ilipofanyika hapatajwi. Mgonjwa hatajwi. Kilichofanywa hakitajwi. Ndiyo maana nishani iliyotengwa na hati yake ya kutunukiwa huwa karibu na bubu: mtazamaji hujua nani aliitoa, lakini hajui kwa nini.

Kuna jambo jingine. Wakusanyaji wa nishani huzithamini kwa uadimu wake, kwani iliyotolewa mara chache ina bei kuliko iliyotolewa mara nyingi. Thamani ya huduma ya hospitali ina kanuni iliyo kinyume. Kidonda husafishwa leo, kesho na keshokutwa; mtoto hupimwa uzito kila mwezi; mama mzazi hupokelewa usiku wowote anapofika. Tendo la tiba likiwa adimu, watu hufa. Kwa hiyo nishani adimu ni kielelezo kigumu kukitumia kwa kazi ambayo sifa yake kuu ni kutokuwa adimu.

Aina nyingine ya kumbukumbu inaonekana Dar es Salaam. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake kwa ajili ya tiba na elimu bila kubagua rangi wala dini, na hospitali ya Waafrika na Waasia mjini humo ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya iliyopewa jina la Binti Mfalme Margaret wa Uingereza, ambayo baada ya uhuru ikaja kuitwa Muhimbili. Jina la binti mfalme likatoweka. Jina la Sewa Haji limebaki katika jengo la wodi za Muhimbili, na wagonjwa na ndugu zao hulitamka kila siku wanapoulizana amelazwa wapi. Wengi wao hawajui alikuwa nani, lakini jina lake lingali linafanya kazi aliyoikusudia: linamwelekeza mgonjwa kitandani.

Bonde, misheni na hospitali

Mifano hiyo ya pwani inawahusu matajiri waliotoa fedha, na kila mmoja ana jina linaloweza kuandikwa juu ya mlango. Huko bara hali ilikuwa tofauti. Hospitali nyingi za hisani zilikua polepole kutokana na zahanati za misheni, kwa kazi ya watu wengi zaidi ya urithi wa mtu mmoja. Ifakara ni mfano ulio wazi wa jambo hili.

Mji wa Ifakara uko katika Bonde la Kilombero, kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mto Kilombero, unaopeleka maji yake Rufiji, hufurika wakati wa masika na kuligeuza bonde kuwa ardhi oevu kubwa, ambayo mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mafuriko hayo ndiyo yanayolilisha bonde mpunga na samaki. Hayo hayo huacha madimbwi ya mbu. Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena wameishi na neema na adha hiyo kwa vizazi vingi, wakiwa na waganga wao, miti yao ya dawa na mbinu zao za kuuguza. Kitenzi kuganga ni cha zamani katika lugha za Kibantu. Hospitali haikuikuta nchi isiyojua tiba.

Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua kituo cha Kwiro, Mahenge, mwaka 1902. Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 viliifikia Mahenge na kuacha njaa na vifo vingi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Wajerumani waliondolewa, na kuanzia mwaka 1921 nafasi yao ilichukuliwa na Wakapuchini kutoka Uswisi, wakisaidiwa na masista wa Baldegg. Ni kutokana na kazi hiyo ya zahanati ya misheni kwamba Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikua. Karibu nayo yalikuwapo pia makazi ya Nazareti kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma.

Katikati ya karne ya 20 jina linalotajwa sana katika historia ya hospitali ni la daktari Karl Schöpf. Jina lingine ni la Rudolf Geigy (1902–1995), mwanazuolojia wa Basel aliyeiongoza Taasisi ya Tropiki ya Uswisi tangu ilipoanzishwa mwaka 1943. Geigy aliichagua Ifakara kuwa mahali pa maabara ya uwandani, iliyoanza katikati ya miaka ya 1950. Miongoni mwa mambo aliyoyachunguza ni papasi na homa wanayoieneza. Mwaka 1961 kilifunguliwa hapo kituo cha mafunzo cha wasaidizi wa tiba wa vijijini, kwa msaada wa mfuko uliochangiwa na viwanda vya Basel. Mwaka huo ndio Tanganyika ilipopata uhuru, na idadi ya madaktari Watanganyika inayotajwa kwa kawaida ni 12 tu.

Historia ikisimuliwa hivyo inapendeza na ni ya kweli, lakini ni historia ya vidole vyenye pete. Hebu zitazamwe sentensi hizo upya. Papasi wa Geigy walitoka wapi? Walitoka katika sakafu za udongo za nyumba za watu, waliokubali mgeni aingie chumbani mwao na kuchokoa ardhi wanakolala. Daktari mmoja aliwezaje kuhudumia bonde? Aliweza kwa kuwa walikuwapo masista, wauguzi na wasaidizi waliochemsha sindano, waliofunga vidonda na, zaidi ya yote, waliotafsiri. Mgonjwa aliyesema kwa Kindamba au Kipogoro mahali panapouma, kisha maneno yake yakapita katika Kiswahili kabla ya kumfikia daktari wa Ulaya, alitegemea mtu wa tatu aliyesimama kati yao. Mtu huyo ndiye aliyeamua kama maumivu yaitwe ya tumbo, ya nyonga au ya mimba. Kwa mwanafunzi wa lugha, huyo ni mmoja wa watumishi muhimu kabisa wa hospitali, na ni vigumu kupata nishani inayomtaja.

Aidha, kuna mto. Hadi lilipofunguliwa daraja la Kilombero mwaka 2018, mgonjwa aliyetoka upande wa Ulanga alipaswa kuvushwa kwa mtumbwi au kivuko. Katika masika, ujuzi wa mvuvi wa Kindamba aliyejua mkondo ulikuwa sehemu ya tiba sawa na kisu cha mpasuaji, maana mgonjwa asiyefika hatibiwi. Mganga hajigangi, na hospitali nayo haijileti kwa mgonjwa.

Kutoka hisani hadi uteule

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ya Tanzania iliweka mkazo katika huduma za afya vijijini, na mwaka 1977 tiba binafsi ya kibiashara ilipigwa marufuku. Hospitali za mashirika ya dini zilibaki. Nyingi kati yake, katika wilaya zisizokuwa na hospitali ya serikali, ziliingia katika makubaliano na serikali na kuitwa Hospitali Teule za Wilaya. Hospitali ya Ifakara ilikuwa miongoni mwao. Baadaye ilipandishwa hadhi na kuwa hospitali ya rufaa, na mwaka 2010 kikaanzishwa karibu nayo chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya kilichopewa jina la mtakatifu yule yule.

Kivumishi teule kinastahili kutazamwa kwa makini. Hospitali ya hisani hupokea mgonjwa kwa wema wa mwenye nayo. Hospitali teule humpokea kwa sababu imeteuliwa kutimiza wajibu wa dola kwa raia. Kuta ni zile zile, masista ni wale wale, na pengine dawa ni ile ile; lakini mgonjwa anayevuka kizingiti amebadilika. Katika hali ya kwanza anapokea fadhila na anatarajiwa kushukuru. Katika hali ya pili anadai haki na anaweza kuhoji. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanzishwa katika hospitali za serikali mwaka 1993, mjadala uliozuka Tanzania ulihusu jambo hilo hilo: tiba ni wema, ni haki, au ni bidhaa?

Hapa ndipo suala la nishani linapokuwa na uzito zaidi ya mapambo. Kuiheshimu hospitali kama tendo la hisani pekee ni kumrudisha mgonjwa katika nafasi ya mdeni. Kuikana hisani iliyokuwamo, kwa upande mwingine, ni kuwadhulumu watu walioacha kwao na kuzeeka katika bonde lenye malaria, pasipo kulazimishwa na mtu. Mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuchagua moja na kuiacha nyingine. Wema ulikuwapo, na wajibu ulikuwapo. Kila kimoja kilihitaji mikono ambayo haikuwa ya mwenye wema wala ya mwenye dola.

Oviedo, 2008

Maabara ya Uswisi nayo ilibadilika. Mwaka 1991 iligeuzwa kuwa kituo chenye sura ya Kitanzania, mwaka 1996 ikasajiliwa kuwa kituo cha utafiti na maendeleo ya afya chini ya udhamini wa Tanzania, na mwaka 2008 ikachukua jina la Taasisi ya Afya Ifakara. Anwani yake ya Ifakara hutaja njia ya Mlabani, jina ambalo kwa njia hiyo limesomwa na watafiti wa mbali wasiowahi kuuona mji.

Mwaka huo wa 2008 taasisi hiyo ilipata heshima kubwa. Tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias ya Hispania, katika kipengele cha ushirikiano wa kimataifa, ilitolewa kwa pamoja kwa vituo vinne vya Afrika vinavyopambana na malaria: Ifakara ya Tanzania, Manhiça ya Msumbiji, Kintampo ya Ghana na kituo cha utafiti na mafunzo ya malaria cha Mali. Tuzo hiyo, ambayo siku hizi huitwa ya Binti Mfalme wa Asturias, huambatana na sanamu iliyobuniwa na msanii Joan Miró, hati, beji na fedha, ambazo wakati huo zilikuwa euro 50,000. Hutolewa kila mwaka katika ukumbi wa michezo wa Campoamor, mjini Oviedo.

Heshima hii ilikaribia methali ya pili kuliko nishani nyingi. Haikutolewa kwa daktari mmoja, wala kwa taasisi moja, wala kwa taifa moja. Hata hivyo, ilitolewa kwa kazi ambayo wachangiaji wake wakuu hawakuweza kupanda jukwaani, na inafaa kuwataja kwa namna pekee inayowezekana, yaani kwa idadi.

Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia. Jaribio hilo lilifanyika Idete, kijiji cha Bonde la Kilombero, na liliwahusisha watoto 586. Matokeo yake yalionyesha ufanisi wa asilimia 31. Majaribio yaliyofuata katika nchi nyingine hayakuuthibitisha ufanisi huo, na chanjo ikaachwa. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Ifakara uliowahusisha watoto wachanga 701, waliopewa dawa ya kuzuia malaria walipoletwa kliniki kwa chanjo zao za kawaida. Malaria ilipungua kwa asilimia 59 katika mwaka wao wa kwanza, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo itumike katika maeneo yanayofaa barani Afrika. Mwaka huo huo wa 2001 ilichapishwa pia tathmini ya mradi wa kusambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Dawa ya mbu na vyandarua viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, jina la maneno mawili ambalo kila mama alilielewa bila kufafanuliwa. Matumizi ya vyandarua hivyo yalihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wenye umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne.

Watoto wa Idete na wa Ifakara hawawezi kutajwa kwa majina, na hawapaswi kutajwa. Maadili ya utafiti yanakataza. Hivyo basi huduma iliyo kubwa kabisa katika historia hii, yaani mama kumtoa mwanawe mkono ili bonde na dunia ijue jibu, ni huduma ambayo kwa asili yake haiwezi kuvikwa nishani. Wale wa Idete walisaidia kulitafuta jibu ambalo hatimaye lilikuwa hapana, nalo ni jibu lenye faida, maana liliwaepusha wengine na chanjo isiyotosha. Sherehe za heshima hazina desturi ya kusifu jibu la hapana. Historia inapaswa kuwa nayo.

Hitimisho

Mhadhara huu haukukusudia kuzibeza nishani. Chanda chema na kivikwe pete. Jamii isiyowapamba wema wake hujifunza kutowaona. Kilichokusudiwa ni kuonyesha mipaka ya pete kama chanzo cha historia. Imeonekana kwamba nishani huteremka kutoka kwa mwenye mamlaka na hubeba uso wa mtoaji. Kwamba majina yaliyodumu, kama Dispensari ya Zamani na wodi za Sewa Haji, yamedumu kwa sababu wagonjwa waliendelea kuyahitaji. Na kwamba Ifakara, ambako hisani, uteule na utafiti vimekutana mahali pamoja, sehemu kubwa ya huduma ilitolewa na watu ambao hakuna orodha ya kuwatunuku.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna kazi hapa. Sajili za wodi, kadi za kliniki, maneno ambayo wauguzi waliyatumia kuyageuza maumivu ya Kindamba na Kipogoro kuwa Kiswahili cha hospitali, masimulizi ya wavushaji na ya akina mama waliopeleka watoto wao katika majaribio: hizi ni nyaraka za lugha kabla ya kuwa nyaraka za tiba. Wazee wanaozikumbuka wanaondoka. Anayekusanya masimulizi yao anafanya kile ambacho neno tuza lilimaanisha tangu awali: kumwendea mtu pale alipo na kumpa haki yake mbele ya watu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja Ifakara, na wenyeji wengi walipona. Lakini katika hospes ya Kilatini mgeni na mwenyeji walikuwa neno moja, na historia ya bonde hili inaafiki. Daktari aliyetoka mbali alikuwa mgeni aliyepokelewa kabla hajawa mwenyeji wa wagonjwa. Alioneshwa njia, akavushwa mto, akafunguliwa milango, akatafsiriwa maneno. Nishani ya huduma ya hospitali ikisomwa vizuri, basi, ina pande mbili kama sarafu yoyote. Upande mmoja umekwisha kugongwa chapa. Upande wa pili bado unaandikwa.